Boksi Kwanza, Kadi Baadaye

Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Kisarawe, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Mwaka jana nilinunua kompyuta ya mezani kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la steshenari pale Maili Moja, Kibaha. Ni Dell OptiPlex 7010, lile boksi dogo la kulala. Prosesa ni Core i5-3470, RAM ni GB 4, hadi diski GB 500. Mchana nachorea mageti ya wateja, usiku nacheza gemu. PES ya zamani inakwenda, lakini eFootball na GTA V zinaganda mpaka nakata tamaa. Nimedunduliza laki nne. Fundi mmoja wa Kibaha ameniambia tatizo ni prosesa, niweke i7. Rafiki yangu anauza kadi ya GTX 1050 Ti kwa laki mbili na nusu, na anasema nikiiweka pamoja na pawa saplai ya wati 500 nitacheza kila kitu. Binamu yangu aliyeko Kibaha ndiye ninayecheza naye mtandaoni, na huko nako nakwama. Nianzie wapi? Fedha hii nikiipoteza sina nyingine.

Mchomeleaji, Kisarawe

Mdogo wangu. Nianze na jibu, maana najua jinsi laki nne inavyowasha mfukoni. Usinunue i7. Kadi ya rafiki yako usiilipie leo, na pawa saplai ya wati 500 usiilipie kabisa. Si kwamba kadi ni mbaya. Haitaingia kwenye boksi lako, na pawa saplai hiyo nayo haitaingia.

OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ilitengenezwa katika maboksi ya maumbo tofauti. Lipo la mnara linalosimama, lipo lako dogo la kulala, na lipo dogo zaidi ya hilo. Jina ni moja, prosesa ni zile zile, RAM ni ile ile, kwa hiyo muuzaji akikutajia "7010, i5" unaona yote ni sawa. Kwa mtu wa ofisi ni sawa kweli. Kwa mtu wa gemu tofauti ni kubwa mno. Boksi lako linapokea kadi za kimo kifupi tu, zile ambazo bati lake la nyuma ni karibu nusu ya kimo cha kadi ya kawaida. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na ina umbo lake yenyewe, hivyo ile ya dukani ya umbo la kawaida haina pa kukaa. Rafiki yako hakukudanganya. Anazungumzia boksi la mnara, na wewe huna boksi la mnara.

Sasa tumpe fundi wa Kibaha haki yake, tupime maneno yake. Kampuni ya Rockstar ilipotoa GTA V kwa kompyuta mwaka 2015, ilitaja vifaa vya chini kabisa na vifaa inavyovipendekeza. Kwenye orodha ya vinavyopendekezwa, prosesa ya Intel iliyotajwa ni Core i5-3470. Ndiyo hiyo hiyo uliyonayo, namba kwa namba. Pembeni yake walitaja RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 660. Kwa eFootball, Konami imeweka kiwango cha chini cha prosesa kuwa i5-2300, ambayo ni ya kizazi kilichokitangulia cha kwako, lakini inataka RAM ya GB 8 na kadi ya daraja la GTX 660 Ti. Unaona mwenyewe shimo liko wapi. Prosesa inatosha. RAM ni nusu ya inayotakiwa. Kadi ya grafiki huna kabisa, kwa sababu picha zako zote zinachorwa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 2500, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya barua na mahesabu ya ofisini. Ukiweka i7-3770 juu ya hali hiyo, gemu litaendelea kuganda, na fedha itakuwa imekwenda.

Usiniamini mimi tu, hakikisha mwenyewe usiku wa leo. Fungua gemu linalokusumbua, cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye ukurasa wa Performance na utazame kilichofika asilimia mia. Natarajia utakuta kumbukumbu imejaa, huku prosesa ikiwa bado na nafasi. Ukikuta kinyume chake, niandikie tena kabla hujatoa hata shilingi.

Ushauri wangu ni huu: badilisha boksi kwanza. Tafuta OptiPlex 7010 ya mnara, au mashine nyingine ya mnara ya umri huo kama HP Compaq Elite 8300, umpe muuzaji boksi lako dogo na kumwongezea fedha kidogo. Wauzaji wa kompyuta mtumba Kariakoo wanapokea mabadilishano ya namna hii, na boksi dogo lina wateja wake, kwa sababu maofisi na maduka ya steshenari yanalipenda kwa kuwa halichukui nafasi mezani. Hivyo usikubali kuambiwa kwamba lako halina thamani. Chako cha kuongeza kisizidi elfu themanini. Kumbuka kwamba kabla ya kulikabidhi unachomoa hadi diski yako yenye michoro ya wateja, au unahamisha kila kitu kwanza.

Kwa nini nasisitiza mnara wa 7010 au wa 8300, na si mashine mpya kidogo kama OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1? Hizo za baadaye zina prosesa nzuri zaidi, ni kweli. Lakini kuanzia kizazi hicho Dell na HP waliacha plagi ya umeme ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, wakaweka zao wenyewe, Dell ya pini nane na HP ya pini sita. Siku pawa saplai ikifa, utahitaji ya aina ile ile au waya wa kubadilisha plagi, na vyote viwili ni vya kutafuta kwa jasho. Mnara wa 7010 unapokea pawa saplai ya kawaida. Kwa mtu aliyeko Kisarawe, kifaa kinachopatikana kwa fundi yeyote ni bora kuliko kifaa kizuri cha kuagiza.

Ukishakuwa na mnara, kadi ya rafiki yako inaingia. Pawa saplai ya mnara wa 7010 ni ya wati 275 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa umeme wa sloti yenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 iko hapo hapo kwenye wati 75, na GTX 1650 ya mwaka 2019 pia. Prosesa yako inakula hadi wati 77, ukiongeza diski na feni jumla inazunguka kwenye wati 200. Inatosha. Lakini kadi zote mbili zina matoleo yenye tundu la waya wa pini sita, na hayo yaache. Kadi kubwa kama RX 580 iache pia hata ukiipata kwa bei ya kutupa, kwani hiyo peke yake inataka wati 185.

Kati ya hizo mbili, ukiipata GTX 1650 kwa bei inayokaribiana, ichukue. Ina nguvu zaidi, na Nvidia wanaendelea kuitolea draiva za gemu mpya, wakati familia ya 1050 Ti waliifungia mlango huo Oktoba 2025 na kuibakizia marekebisho ya usalama tu hadi 2028. Kwa magemu unayoyataja wewe, ya miaka iliyopita, 1050 Ti bado itakufaa. Mwambie rafiki yako laki mbili, na hapo hapo mwambie utaijaribu kwanza.

Kuijaribu ni lazima, kwa sababu 1050 Ti ni kati ya kadi zinazoghushiwa sana duniani. Wajanja huchukua kadi ya kale ya mwaka 2010 au 2011, hubadilisha programu iliyomo ndani yake ili ijitambulishe kama 1050 Ti, kisha huifunika kwa plastiki mpya inayong'aa. Windows inadanganyika, na mnunuzi naye. Angalia matundu ya nyuma: familia hii ya Nvidia haitoi picha kwa VGA, ile plagi ya bluu ya pini 15. Kadi ikiitwa 1050 Ti na ina tundu la VGA, irudishe mezani. Kisha weka programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ya bure na ni ndogo, uifungue kadi ikiwa ndani ya mashine. Kadi halisi itaonyesha chipu GP107 na namba 768 kwenye nafasi ya shaders, na programu hiyo ikiigundua kadi bandia huandika FAKE mbele ya jina. Baada ya hapo cheza gemu zito kwa nusu saa bila kupumzika, ukitazama joto. Likipita nyuzi 85, au picha zikianza kuwa na madoadoa na mistari ya rangi, kadi hiyo si ya kununua. Rafiki wa kweli hatakasirika kwa nusu saa.

Kuna mtego mwingine dukani, nao unawanasa hata watu wazima. Muuzaji atakuambia "hii ina GB 4" kana kwamba GB ndiyo nguvu ya kadi. GT 730 ipo yenye GB 4 na bado ni dhaifu mno kwa eFootball. GT 1030 ipo ya aina mbili, ya kumbukumbu ya GDDR5 na ya DDR4, boksi zinafanana, na ile ya DDR4 iko nyuma sana. Uliza jina kamili la kadi na aina ya kumbukumbu yake, usiulize ukubwa peke yake.

Kwa kuwa kadi haina VGA na nadhani kioo ulichokipata na kompyuta ya steshenari ni cha VGA, utahitaji adapta ndogo ya kutoka HDMI kwenda VGA. Na ukishafunga kadi, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la zamani la mazabodi. Watu wengi hufunga kadi, wakaacha waya pale pale, wakacheza kwa grafiki ile ile dhaifu na kusema wameibiwa.

RAM ni jambo jepesi. Mashine yako inatumia DDR3 za kompyuta ya mezani, zile ndefu. Za laptopu ni fupi na haziingii, wala DDR4 haiingii. Ongeza kipande cha GB 4 juu ya ulicho nacho, ukichomeke kwenye sloti ya rangi moja na cha kwanza ili vifanye kazi kama jozi. Usizidi elfu thelathini. Bei za RAM mpya zimepanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu zake kwenye mitambo ya akili mnemba, lakini wewe unatafuta kipande cha zamani kilichochomolewa kwenye mashine ya ofisi, na hivyo vipo kwa mafundi wengi wa Maili Moja na Kariakoo. Hapa ndipo yule fundi wa Kibaha anaweza kukusaidia kweli.

Katika fedha itakayobaki, kama elfu sitini hivi iende kwenye SSD ya GB 240 au 256. Nakuambia mapema isije ikakuvunja moyo: SSD haiongezi fremu kwenye gemu. Itafanya mashine iwake haraka, michoro yako ya mageti ifunguke bila kusubiri, na GTA V ipunguze ule ugonjwa wa barabara kuchelewa kujichora ukiwa kwenye mwendo. Hadi diski ya GB 500 ibaki ndani ikihifadhi magemu makubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote. Wewe ni mchomeleaji. Barua yako haisemi kompyuta inakaa wapi, lakini kama inakaa chumba kimoja na karakana, au mlango wa pili, ihamishe kabla hujanunua chochote. Vumbi la grainda ni chuma, na chuma kinapitisha umeme. Feni ya kadi mpya itakuwa inalivuta vumbi hilo saa zote na kulilaza juu ya mazabodi, mpaka siku moja pini mbili ziungane na kila kitu kiungue. Vile vile, mashine ya kuchomelea inapowaka kwenye laini moja na kompyuta, umeme unashuka ghafla na kupanda ghafla. Kama umewahi kuona kompyuta ikijizima na kujiwasha yenyewe mchana, huenda tatizo lilianzia hapo. Usiiwashe kompyuta wakati unachomelea, na msimu wa masika mvua za radi zinaposhuka juu ya vilima vya Pugu na Kisarawe, chomoa plagi ukutani. Baada ya manunuzi haya yote, fedha ya kwanza utakayopata kwenye geti lijalo nunua UPS au stabilaiza nzuri. Ningependa uinunue kabla ya SSD, ila najua kijana wa miaka 23 anataka kuona tofauti mezani.

Ukishabadilisha boksi, lifungue, pangusa vumbi lote kwa brashi laini ya rangi, na umwambie fundi abadilishe pesti ya prosesa. Mashine za ofisi nyingi hazijawahi kuguswa tangu zitoke kiwandani, na joto la Pwani halizionei huruma.

Kuhusu kukwama mnapocheza na binamu yako, hapo kadi haitakusaidia. Kwenye mechi ya watu wawili ya eFootball kinachosumbua mara nyingi ni njia ya intaneti kati yako na mwenzako. Dalili yake ni kwamba mechi dhidi ya kompyuta inakwenda vizuri, ya mtandaoni inakwama. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, iweke simu dirishani panapopatikana 4G safi, na zima masasisho yote wakati wa mechi. Na bando lako usilimalize kwa kupakua magemu. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupokezana gemu moja kwa moja bila kutumia data, mradi kila mmoja ana haki ya gemu hilo kwenye akaunti yake. Binamu yako akishapakua eFootball, ambayo ni ya bure, beba kompyuta yako Jumapili moja uende Kibaha mkahamishe.

Nikueleze pia kikomo cha mashine hii, maana ukikijua hutadanganywa tena. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. Yako ni ya tatu. Steam bado itafanya kazi, lakini usiweke kwenye kompyuta hiyo nywila za benki wala za simu yako ya fedha. Magemu mapya ya mpira yanataka zaidi ya ulicho nacho: EA Sports FC 24 tu inaanzia prosesa ya i5-6600K. Kwa hiyo unajenga mashine ya magemu mazuri ya miaka iliyopita, na hayo ni mengi sana. Siku utakapohamia mashine mpya, kadi na SSD utaondoka navyo, RAM ya DDR3 itabaki. Ndiyo maana nimekubana kwenye RAM nikakuachia kwenye kadi.

Ungekuwa unataka mpira tu, ningekwambia ununue PlayStation 4 ya mtumba na ulale. Lakini kompyuta hii inakuchorea mageti yanayokupa chakula, na kadi ya grafiki itaichangamsha kazi hiyo nayo.

Basi wiki hii ongeza RAM na uhamishe kompyuta mbali na karakana. Wiki ijayo panda gari la Gongo la Mboto, uingie Kariakoo asubuhi siku ya kazi ukiwa na boksi lako dogo, na usitoke na mnara mpaka umewashwa mbele yako, umefunguliwa ubavu ukaona sloti ndefu ya kadi, na umepewa risiti yenye namba ya mashine na siku za kurudisha. Rafiki yako mwambie akutunzie kadi mpaka hapo. Akishindwa kungoja, iache iende, kadi za 1050 Ti ni nyingi na nyingine utaipata.